Blanketi la Bibi wa Usinge

Cheyo, Tabora
Jumapili, nimetoka kanisani sasa hivi

Kwako Dada yangu Advera,

Shikamoo. Itikia, hata kama umenuna, maana shikamoo haijakukosea kitu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, presha imetulia, na shemeji kile kikohozi chake cha msimu wa tumbaku kimemwachia. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua kukitanda wingu, lakini bado naimba sauti ya pili kwenye kwaya na hajazaliwa wa kunitoa. Karanga zimekubali mwaka huu. Nimekufungia kidogo pamoja na michembe ile ya viazi vyekundu vilivyokaushwa unayoipenda, ili usije ukasema mdogo wako anajua kutuma maneno matupu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Kila nikikupigia, nikifika tu kwenye jambo lenyewe, unakata. Karatasi haina kitufe cha kukatia. Unaweza kuichana, lakini nakujua tangu tunalala kitanda kimoja, huwezi kuchana kitu kabla hujajua kina nini ndani. Mimi ni wa darasa la saba, mwandiko wangu unaujua unavyopanda mlima, basi vumilia. Anayekuletea ni Lukumani, mtoto wa Fundi Sabiri jirani yetu, anashuka hapo Kaliua kwa shughuli zake. Mpe chai. Usimuulize habari zetu, hajui kitu, na akijua hasemi.

Maneno yako yamenifikia yote. Umesema nimeitia familia aibu kuanzia Tabora mpaka mwisho wa reli. Umesema Gerson, mwanaume mzima, karani wa masjala, anakaa chini anashona matambara kama mjane. Umesema mpaka kwamba vifaa anaviiba ofisini. Na umeuliza, kwa sauti ile yako ya dukani, liko wapi blanketi lako la chui. Nitakujibu yote, dada. La blanketi nitalijibu mwishoni, kwa hiyo usiruke mistari.

Nianze na mwanangu, maana ndiye wa kujivunia na mimi sioni haya kujivuna. Tumbo hili ndilo lililomzaa. Ile ajali ya pikipiki unaikumbuka, ulikuja ukamwona mguu umefungwa plasta mpaka kwenye paja. Wewe ulirudi Kaliua, mimi nikabaki naye. Alikuwa anatazama dari tu. Chakula hataki, redio hataki, rafiki zake wakija anajifanya amelala. Nilifika mahali nikaficha hata kamba za kuanikia nguo, sikuambii zaidi ya hapo.

Kilichomwinua ni sindano. Alikuwa anapekua simu yake, siku moja akaniita nikaone. Nikaona wanawake wa nchi za baridi wanaunganisha vipande vya vitambaa, vingine nyota, vingine nyumba, katikati wanatia kitu kizito, chini kitambaa kingine, halafu wanapitisha sindano kwenye matabaka yote matatu mpaka linatoka shuka zito ambalo ukilitazama hutaki kulilalia. Nikamwambia hivyo si viraka tu, mbona bibi yenu alikuwa anashona. Akasema ndiyo Mama, ila hawa wamekaa wakafikiri kwanza. Nilicheka. Na yeye akacheka. Dada, nilikuwa sijasikia kicheko cha mwanangu tangu ajali.

Sasa wale wa kwenye simu wana vifaa vya kila namna, kisu cha mviringo, mkeka wa kukatia, rula za kioo, vibanio vya rangi, chaki inayofutika yenyewe. Nikamuuliza utavipata wapi Tabora hii. Akanijibu neno ambalo nimelisimulia mpaka kwenye jumuiya: kila walicho nacho wale na sisi tunacho, ila kwetu kina kazi nyingine.

Na kweli. Kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki kama kucha ndicho kalamu yake, kinachora mstari kwenye kitambaa cheusi na ukifua unatoka. Duara anapimia sahani yangu ya mchuzi, na duara dogo kifuniko cha chupa ya chai. Mpira wa ndani wa baiskeli aliukata kipande akauvaa kidoleni kama pete, sindano ikigoma kutoka anaivuta nao. Sumaku ya spika ya redio ya marehemu baba yake Emilian ndiyo inayookota pini chini ya kitanda. Wenzake wa ofisini walipokuja kumtazama aliwaomba vile vibanio vyeusi vya kubania mafaili, vya chuma, vyenye masikio mawili, akavibana ukingoni vitambaa visihame. Karatasi zilizochapwa vibaya alizikata sura za nyota. Mkuu wake wa kazi ndiye aliyemletea mwenyewe kwenye boksi, akasema heri zishone kuliko kuchomwa. Kwa hiyo huyo aliyekuambia mwanangu ni mwizi mwambie aje aseme mbele yangu, nami nitamkaribisha kiti kabla sijamjibu.

Lakini kinachonimaliza mimi ni ile picha ya eksirei. Ya mguu wake mwenyewe. Ilikuwa imelala juu ya kabati, plasta ilipotolewa akaishusha, akaikata pembetatu kwa mkasi wangu wa jikoni. Eti ni ngumu, haipindi, na unaona kitambaa chini yake. Kila kipande cha shuka lile kimepimwa kwa mfupa wa mwanangu uliovunjika. Mwenye mtoto wa namna hiyo anyamaze kwa nini?

Fundi Sabiri akawa anamwekea masalia ya vitenge na kanzu anazokata. Yule mzee hasifii mtu hovyo, unamjua, lakini aliutazama mshono wa Gerson akasema mkono wa kijana huyu una adabu.

Basi akapona, akarudi kazini, akampata Kabula, anafundisha watoto wadogo wa chekechea hapa hapa Cheyo. Posa ikaenda Usinge kwao, mahari ikaelewana vizuri. Likabaki blanketi la bibi. Wewe ndiye ulinifundisha, dada, kwamba ng'ombe watu wanavumiliana, lakini blanketi la bibi likienda vibaya posa inaweza kurudi njiani. Na Kabula hana mama, kalelewa na Bibi Sikuzani tangu hajaota meno. Hapo pa blanketi hapana mchezo.

Kabula akamsimulia Gerson kwamba Bibi ana sanduku la bati chini ya kitanda, limejaa mablanketi ya mahari ya wajukuu waliotangulia kuolewa. Yote yamo kwenye plastiki zake. Mwenyewe usiku anajifunika kanga mbili na koti la marehemu mumewe. Ukimuuliza anasema yale ni ya heshima, hayalaliwi. Gerson akawaza, akasema basi yeye atampelekea ambalo halina plastiki, ambalo ataona aibu kulifungia. Kabula akaleta kipande cha sare yake ya shule ya msingi, akaleta na kanga ya Bibi iliyochakaa aliyokuja nayo mjini. Vyote vikaingia kwenye shuka, ile sare ya bluu imekaa katikati kama mboni ya jicho.

Hapo ndipo blanketi lako lilipofika kwa basi. Zito, la manyoya, chui mzima amelala juu yake na macho ya njano, limo kwenye mfuko wake wa zipu. Na ujumbe wako kwenye simu kwamba tupeleke hilo, hayo matambara tufungie kuku. Ahsante kwa blanketi. Kwa ujumbe sikushukuru na wala sishukuru leo.

Gerson nilimwambia umetuma zawadi, sikumwambia ni nini. Nikaliingiza chumbani kwangu.

Siku ikafika. Wakaenda shemeji Kasimiri, mdogo wake marehemu Emilian, kama baba mdogo, na Fundi Sabiri kwa ujirani mwema. Mimi nikabaki, maana mama wa kijana haendi. Wamefika wamepokelewa, shuka likakunjuliwa mbele ya wazee, na shemeji mwenyewe ananiapia kwamba watu walisema aah kwa pamoja. Sasa yupo shangazi wa Kabula, anaitwa Magreth, ndiye mwenye mdomo katika ukoo ule. Kila ukoo unaye, na mimi na wewe tunajua kwetu ni nani. Yule shangazi akasogea, akapitisha mkono kwenye pindo, polepole, kama anapima kitenge sokoni. Mara yowe! Kidole kinatoka damu. Wanatazama, wanaona pini ya stepla imechomoza kwenye pindo.

Weee. Akasema wameomba blanketi wameletewa mtego wa panya. Akasema mwanaume anayeshona na stepla, kesho si atamtoboa binti yetu matundu amtie kwenye faili? Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikishaingia kwenye mambo ya posa, heshima imeshatoka kwa mlango wa nyuma. Wazee wakalikunja shuka wakamrudishia shemeji Kasimiri. Wakasema posa imesimama mpaka lije blanketi la kueleweka. Na shemeji Kasimiri, badala ya kufunga mdomo mpaka Tabora, treni iliposimama Kaliua akateremka kukusalimu. Nafikiri salamu alizokupa ndizo hizi ulizozitapika kwenye simu.

Gerson aliposikia habari ya pini aliduwaa. Akasema hajawahi kutia stepla kwenye kitambaa hata mara moja, stepla ni ya karatasi, inakwaruza nyuzi. Akaapa. Halafu nikamwona anaanza kujishuku mwenyewe, anatazama vidole vyake kana kwamba si vyake. Akakusanya vitu vyote, sahani yangu akairudisha kabatini, vibanio, sabuni, ile pembetatu ya mfupa, akavitia kwenye boksi, akasukuma chini ya kitanda. Akasema atanunua blanketi la dukani kama watu wengine wote. Kabula alikuja jioni, akakaa na mimi jikoni, ananimenyea vitunguu visivyohitajika.

Nikamwambia mwanangu hununui. Akasema Mama, basi. Nikamwambia basi ni lile linalokwenda Nzega.

Kesho yake nikafunga safari. Najua mama wa kijana haendi ukweni kabla ya harusi. Najua sana. Mila hizo nazijua kuliko wanaonihubiria. Lakini watu wa huku walibebeshwa pembe za ndovu za wengine kichwani wakatembea nazo mpaka pwani, na mimi nishindwe kubeba shuka la mwanangu mpaka Usinge, tena kwa treni? Nilipita Kaliua, dada. Nililiona duka lako kutoka dirishani. Sikuteremka, kwa sababu ungenirudisha.

Nilifika nimejitwika shuka kichwani na boksi la Gerson mkononi, ndiyo, nililichomoa chini ya kitanda chake. Nimevaa sare ya kwaya, ili wakinifukuza waone wamemfukuza mtu wa Mungu. Bibi Sikuzani alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti nikamwamkia mwangaluka, akaitikia bila kuniangalia. Shangazi Magreth naye huyo, katokea ndani na kidole kimefungwa kitambaa, kikubwa kuliko jeraha lolote. Akauliza mgeni amekuja na mtego mwingine?

Nikasema nimekuja na mwanangu. Nikamwaga boksi mkekani.

Nikawaeleza kila kitu kina kazi gani. Nikachora kwa sabuni kwenye kanga yangu, nikafuta kwa mate, wakaona. Nikavaa ule mpira wa baiskeli. Shangazi akacheka, akasema ndivyo vyombo vya mwanaume hivi, mpira na sabuni? Nikamuuliza vya mume wake vimeshona nini. Watoto waliokuwa wanachungulia mlangoni wakakimbia kucheka nyuma ya nyumba. Bibi yeye aliokota ile pembetatu ya eksirei, akainyanyua juani, akaitazama muda mrefu. Akauliza huu ni mfupa wa nani. Nikamwambia. Akauliza, amepimia mfupa wake? Nikasema ndiyo, Mama, kila kipande. Hakuiweka chini tena, alikaa nayo mkononi muda wote.

Lakini Magreth si wa kushindwa kwa mfupa. Akasema maneno yote mazuri, ila mila ni mila. Wenzako wote wameleta blanketi, wewe umeleta hadithi. Blanketi liko wapi?

Hapa, dada, ndipo nataka ukae kwenye kiti. Chenye mgongo.

Nilimwomba wembe. Nikakaa chini, nikalivuta shuka la mwanangu mapajani, nikaanza kufumua pindo kwenye kona. Chini ya pindo ikatokea shuka nyeupe iliyobanwa kwa pini za stepla, moja baada ya nyingine, zimejipanga kama meno. Nikazing'oa. Nikafunua na ile shuka nyeupe. Na pale kwenye kona, katikati ya vitenge na kanzu za Fundi Sabiri, likachungulia sikio na jicho moja la njano.

Ndiyo, Advera. Chui wako.

Lilipofika nilikaa nalo siku nzima chumbani nikiwaza. Shuka la Gerson lilikuwa limebaki tabaka la katikati, alikuwa anahangaika atapata wapi kitu kizito, na mimi nina kitu kizito kimelala kitandani kwangu kimefungwa zipu. Nimpeleke chui wako, matambara yakafungie kuku? Au nipeleke matambara nikufiche wewe? Nikaona vyote viwili ni uonevu. Nikaazima mkasi mkubwa kwa Fundi Sabiri, nikamwambia nakata zulia. Nikalikata. Lilikuwa kubwa, nikachukua upande wa kichwa. Nikalifunga ndani ya shuka nyeupe ili Gerson asimwone mnyama, nikashona pande tatu kwa mkono, na ule upande wa nne nikamsikia anafungua mlango wa uani. Stepla yake ilikuwa mezani. Ta, ta, ta, ta, nikamaliza. Nikamwambia ni lile blanketi kuukuu la marehemu baba yake, linachambuka, nimelivika shuka safi. Akanishukuru. Akalitia katikati, akapitisha sindano usiku kwa mchana, akalivika pindo, na pini zangu zote zikiwa ndani.

Kwa hiyo nilipokuambia kwenye simu kwamba blanketi lako limefika Usinge, sikukudanganya. Lilifika. Hata likamuuma mtu.

Yote hayo niliwaambia pale barazani, kwa sauti. Nikasema pini ni yangu, mkono ni wangu, mwanangu hajui hata sasa, na kama kuna wa kucheka mcheke mimi. Nikasema mlitaka blanketi la dukani, ndilo hilo, limenunuliwa na dada yangu Advera, mwenye duka Kaliua stesheni, mtu mzito, na mnaweza kwenda kumuuliza. Nikasema ila sikuja kuwaomba mlipokee kwa sababu ya chui. Chui nimewaonyesha ili mjue kwamba mwanangu hakuacha kuleta blanketi, ameleta blanketi na kazi ya mikono yake juu. Mkitaka chui peke yake, niambieni, nimchomoe sasa hivi, niwaachie, na shuka la Gerson nirudi nalo nikalale mimi.

Wembe nilikuwa nimeushika bado. Sijui kama hilo lilisaidia.

Bibi Sikuzani akainama, akaliangalia lile jicho, jicho linamwangalia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, mpaka mahindi yakamwagika. Akasema huyu ninaye. Akasema anao wawili kwenye sanduku, ndugu yake huyu na mwingine wa simba, wamekaa humo miaka yote na hawajamtia mtu joto. Akalivuta shuka kutoka mapajani mwangu, akajifunika magoti mchana kweupe jua likiwaka. Akaipapasa ile sare ya bluu, akaitambua. Akasema Kabula alikuwa anafuta kamasi kwa mkono wa sare hii.

Magreth akauliza, na kidole changu? Bibi akamjibu kitapona kabla ya harusi, akamwagiza akachemshe chai. Nikataka kuishona ile kona, akanikataza. Akasema iacheni, nataka niwe namwona.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, hapa hapa Tabora.

Nilirudi nikamweleza Gerson. Nilidhani atanirukia shingoni. Dada, alikasirika. Sijawahi kumwona hivyo. Alisema alitaka aingie ukweni kwake na kitu ambacho kila uzi anaujua, kisicho na mkono wa Mama Mkubwa wala wa mtu yeyote. Akasema Mama, umenifanya nishone nisichokijua. Nikamjibu kwamba hata mimi nilimbeba tumboni nisiyemjua, na sikumlalamikia mtu. Akatoka uani. Alikula peke yake siku hiyo na kesho yake. Mimi sikumwomba radhi, na kama unangoja nikuombe wewe, ngoja umekaa. Ningeambiwa nianze upya ningemkata tena yule chui, ila safari hii ningeshona pande zote nne kwa uzi.

Juzi Gerson kaingia jikoni, kasimama mlangoni, kaniuliza kile kipande kilichobaki, chenye mkia, nimekiweka wapi. Nikampa. Akakitandaza mezani, akaomba sahani ya mchuzi. Sikumuuliza anataka kutengeneza nini wala yeye hakuniambia.

Sasa umeyajua yote, na hakuna mwingine atakayekusimulia vizuri kuliko mimi. Nisalimie shemeji, mwambie anywe asali na ndimu aache kujifanya kijana. Wasalimie watoto wote, na huyo mkweo mpya mwambie namsubiri jikoni siku ya harusi, nimeshamwekea mwiko. Fundi Sabiri anakusalimu sana na anauliza afya yako. Kabula anakuamkia shikamoo.

Kiti chako kiko mbele, upande wa mama wa bwana harusi, na gauni lako nimeshalikatia kitambaa kinachofanana na changu. Njoo umenuna, njoo unacheka, mimi nitakuhudumia vilevile. Na kuhusu blanketi, liko Usinge, juu ya magoti ya bibi wa watu. Kama unalidai, treni inapita mlangoni kwako. Panda uende ukamvue.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, nisiyejuta,

Katarina, Mama Gerson